Mashimo Yanashuka Chini Kushoto: Soma Karatasi ya Shabaha Kabla ya Kulaumu Bastola

Mtu akiniletea karatasi yake ya shabaha, mara nyingi huanza kwa kusema bastola imepinda. Mwingine hulaumu risasi. Mkulima mmoja wa parachichi kutoka Njombe alilaumu milima: "Mwalimu, hewa ya kwetu ni nyepesi, ndiyo maana risasi haziendi ninakotaka." Hewa ya Njombe ni nyepesi kweli kuliko ya Dar es Salaam, lakini risasi ya bastola inayosafiri mita 10 haipati hata muda wa kuijua tofauti hiyo. Upepo wa Makambako nao, pamoja na sifa zake zote, hauna neno kwa umbali huo. Nilimwomba aniwekee karatasi mezani. Mashimo tisa kati ya kumi yalikuwa chini kushoto, na yeye hutumia mkono wa kulia. Hapo nilijua tuanzie wapi.

Ninawaandikia wenye kibali cha kumiliki bastola, walinzi wa machimbo ya Chunya, na wale waliopitia kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) za Mafinga au Itende, wakapiga SMG, ile bunduki ndefu ya jeshini, vizuri, halafu wakashangaa bastola inavyowaaibisha. Bastola ni ngumu kuliko bunduki ndefu, na ugumu wake una sababu zinazoonekana kwenye karatasi ukijua kuzisoma.

Kwanza usalama. Ufupi wa bastola ndio hatari yake: ukigeuka kuitikia jina lako tu, mtutu umeshamwelekea mwenzako. Ihesabu kila bastola kuwa ina risasi, hata uliyoikagua sasa hivi. Mtutu usielekee kitu usichokubali kukiharibu. Kidole kikae ubavuni, nje ya triga, mpaka uwe umeshalenga. Ujue kilichoko nyuma ya shabaha. Pigia kwenye uwanja ulioruhusiwa, mbele ya msimamizi, kwa silaha iliyo na kibali chako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Msitu wa kupandwa wa Mufindi, hata uwe mkubwa namna gani, si uwanja wa shabaha. Ndani yake kuna wakata miti, kina mama wa kuni na watoto wanaotafuta uyoga. Masikio nayo yazibwe kwa vizibo vya kazi hiyo, si pamba: mlio wa bastola hupita desibeli 150, na kwa mlio wa ghafla masikio huanza kuwa hatarini kwenye 140.

Sasa maneno nitakayotumia. Kile kipande kidogo kilichosimama juu ya mdomo wa mtutu ninakiita jino. Ule uwazi wa nyuma, karibu na jicho lako, ninauita pengo. Kulenga ni kuliweka jino katikati ya pengo, vichwa vyao vikiwa sawasawa, mwanga wa kushoto na wa kulia wa jino ukiwa na upana mmoja. Tena, sitaelekeza kwa saa kama wanavyofanya walimu wengi. Wakisema "saa sita" wakifuata namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, wanamaanisha chini. Mswahili akisikia saa sita anaona mishale imesimama juu. Nimeshuhudia wanafunzi wawili wamesimama bega kwa bega wakifuata amri moja, mmoja akilenga ukingo wa chini wa duara na mwenzake ukingo wa juu. Hapa ni juu, chini, kulia na kushoto basi. Na kila ninaposema kulia au kushoto ninamsema anayetumia mkono wa kulia. Wewe wa mkono wa kushoto, geuza.

Jaribio la kuanzia

Weka karatasi mita 7. Piga risasi 5 polepole, ukilenga sehemu ileile kila mara, bila kwenda kuchungulia katikati. Badilisha karatasi, rudia, kisha rudia tena. Usifidie: risasi ya kwanza ikienda chini, ya pili usilenge juu. Anayefidia anaharibu ushahidi, na hizo karatasi tatu ndizo shahidi wako. Shimo moja halisemi kitu. Risasi 15 zikionyesha tabia moja, hiyo ni dalili.

Dalili: mashimo yanashuka chini kushoto

Huu ndio ugonjwa wenyewe. Ningekuwa na nusu saa tu ya kumfundisha mtu, ningeitumia yote hapa.

Chukua mizani. Bastola nyingi za milimita 9, zikiwa tupu, hazifiki kilo 1. Triga zake nyingi huhitaji nguvu ya karibu kilo 2 na nusu ili zifyatuke. Yaani unakivuta kitu kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara mbili, nacho kimening'inia mbele ya mikono yako bila kuegemea popote. SMG ina zaidi ya kilo 3, iko begani, shavu limeilalia na mikono miwili imeishika. Hata ukiivuta triga yake kwa pupa, uzito na bega vinakusamehe, bastola haina cha kukusamehe. Kidole cha triga kinapovuta, vidole vingine vya mkono uleule hupenda kukaza pamoja nacho, kama unavyokamua nguo. Mkono wa kulia ukikaza hivyo, mdomo wa mtutu hushuka na kuegemea kushoto.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: mwili unausubiri mlipuko. Umeshapiga risasi kadhaa, mkono umelijua teke la bastola, ule mrudisho wake wa nyuma inapolia, sasa unaanza kulizuia kabla halijafika. Watu hubisha hapa, husema teke ndilo linalosogeza bastola. Hesabu inakataa. Risasi ya milimita 9 huchukua muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde kutoka kwenye mtutu. Binadamu anahitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde ili aitikie jambo lolote. Mkono wako unapoanza kulijibu teke, risasi imeshatoboa karatasi zamani. Kwa hiyo kilichoipeleka chini ni mkono uliotangulia.

Njia ya kuthibitisha ni risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti wala kiwashio. Usizichanganye na risasi baridi, ambazo zina baruti na hulipuka. Mwenzako akujazie magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, achanganye bandia mbili au tatu katikati ya risasi za moto, wewe usijue ziko wapi. Nilifanya hivyo na mlinzi mmoja kijana kutoka Chunya. Alikuwa ananiambia, "Mwalimu, mimi sisogezi hata kidogo." Risasi mbili zikalia. Ya tatu ikasema "ta" tupu, na mtutu ukashuka kama jembe linalotafuta udongo. Alibaki ameushikilia hapohapo chini, kimya, kisha akasema, "Nimeuona." Baada ya kujiona mwenyewe hakuhitaji maelezo yangu mengine. Mwenzako asiangalie karatasi wakati wa jaribio hili. Aangalie mtutu na kope zako, maana wengi hufumba macho yote mawili kabla ya mlio wala hawajui.

Dawa yake ipo nyumbani, nayo haimalizi risasi. Kagua bastola mara mbili, kwa jicho na kwa kidole: magazini imetoka, na chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, iko wazi na haina kitu. Risasi zote za moto zipeleke chumba kingine. Lenga ukuta ambao ungeweza kuizuia risasi kama umekosea: tofali la kuchoma lililojengwa vizuri, na upande wa pili pasiwepo mtu. Ukuta wa mbao au wa mabati hauzuii risasi ya milimita 9. Weka ganda tupu la risasi, au sarafu, juu ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapolia, karibu na jino. Vuta triga polepole mpaka ifyatuke, ganda lisianguke. Likianguka, umeshajijibu. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Ukimaliza, sema kwa sauti "nimemaliza", funga kabatini, usirudi kujaribu "mara moja tu". Hiyo mara moja, baada ya risasi kurudishwa, ndiyo inayotoboa luninga au mtu. Kama silaha yako ni ya kaliba ndogo ya .22, usiifyatue tupu bila ganda la mazoezi ndani, kwa sababu pini ya nyingi hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Rekebisha na mshiko. Mkono wa kulia ushike juu kabisa ya mpini, pasibaki nafasi kati ya kiganja na sehemu ya nyuma iliyopinda. Wa kushoto ujaze upande ulioachwa wazi, nao ndio ubane zaidi. Wa kulia ukilegea kidogo, kidole chake kinapata uhuru wa kutembea peke yake. Hata fundi cherehani hasukumi kitambaa kwa mkono uliokakamaa.

Dalili: kundi ni dogo, lakini limekaa pembeni

Mashimo 5 yanafunikwa na kisoda cha soda, ila yako sentimita 6 kulia. Hii ni dalili njema. Mkono umetulia. Sasa, na sasa tu, unaweza kuishuku bastola.

Mpe mtu mwingine anayepiga vizuri, apige bastola hiyohiyo kwa risasi hizohizo. Kundi lake likikaa kulia vilevile, pengo limesogea na lirekebishwe. Kanuni ni fupi: pengo la nyuma hufuata unakotaka risasi ziende. Unataka ziende kushoto, lisogeze kushoto. Jino la mbele hufanya kinyume. Kazi hiyo umwachie fundi wa silaha aliyesajiliwa, mwenye chombo cha kusukumia.

Ninalisisitiza kwa sababu niliwahi kulikosea. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mzee mmoja aliniletea bastola inayopiga kushoto. Nilitazama karatasi yake, sikuipiga mwenyewe, nikaagiza pengo lisogezwe kulia. Kundi likarudi katikati, mzee akafurahi sana. Tukaendelea na mazoezi ya triga kwa miezi miwili, mkono wake ukatulia, na mashimo yakaanza kwenda kulia. Ugonjwa ulikuwa wa kidole. Mimi niliufunika kwa chuma. Alidhani anarudi nyuma, kumbe alikuwa ameendelea. Alitaka kuacha kabisa. Mpaka leo sigusi pengo la mtu kabla sijaipiga bastola yake mwenyewe.

Dalili: mashimo yametawanyika kote

Hapa uliza macho kabla ya mikono. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu vya umbali tofauti vyote kwa ukali: pengo, jino na shabaha. Lazima lichague. Anayeanza huchagua shabaha kwa sababu ndiko anakotaka risasi iende, na jino linakuwa ukungu unaocheza ndani ya pengo bila yeye kujua.

Fanya hesabu hii hata kwenye mchanga. Kutoka pengo hadi jino ni karibu sentimita 16 kwenye bastola ya kawaida. Jino likihama milimita 1 tu ndani ya pengo, kwenye mita 10 risasi inahama zaidi ya sentimita 6. Kwenye mita 25 inahama zaidi ya sentimita 15. Lakini jino na pengo vikikaa sawa, halafu vyote pamoja vikaelea juu ya karatasi sentimita 3 huku na 3 huko, risasi itaangukia ndani ya hizohizo 3. Kwa hiyo mtikisiko wa mkono, ambao kila mtu anauogopa, ni tatizo dogo. Mkono wa binadamu hutikisika, uache. Lishike jino kwa jicho: lione kingo zake, lione vumbi lililolikalia, na karatasi ibaki na ukungu kama milima ya Uporoto asubuhi.

Waliopita miaka 45 wana shida yao. Bila miwani hawalioni jino, wakivaa ya kusomea wanalazimika kuvuta mikono karibu. Mweleze mpima macho kwamba unahitaji kuona vizuri kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, umpimie kwa kamba kabisa. Mkulima wangu wa parachichi, tulipoimaliza shida ya triga, ilibaki hii, na miwani ikaimaliza.

Kama unaona majino mawili, chunguza jicho lako kuu. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo kuu. Likiwa la kushoto nawe ni wa mkono wa kulia, usibadili mkono. Sogeza bastola kidogo mpaka ikae mbele ya jicho hilo.

Dalili: mashimo yamejipanga mstari, juu mpaka chini

Pumzi. Kifua kikipanda, mikono hupanda. Toa pumzi kawaida, na pale inapotulia kabla ya kuvuta nyingine, vuta triga. Sekunde 8 zikipita hujafyatua, shusha bastola, pumua, anza upya. Ukilazimisha, jicho linachoka na mkono unatetemeka. Wageni waliopanda jana kutoka Pwani huipata zaidi dalili hii, moyo unawadunda kwa kupanda ngazi tu. Wapumzike siku moja.

Likiwepo shimo moja moja juu kabisa, peke yake, huyo anachungulia. Anafyatua huku ameshainua kichwa aone amepata wapi. Baada ya mlio, lirudishe jino kwenye pengo kana kwamba utapiga nyingine, ndipo utazame.

Dalili: pembeni tu, kulia au kushoto

Wengi watakuambia kidole kimeingia sana au kidogo mno kwenye triga. Inawezekana, tumia nyama ya pingili ya kwanza. Ila kwa niliyoyaona, mara nyingi kidole hakina kosa, ni mkono wa kushoto uliolegea. Tazama na jua. Jioni, mwanga wa pembeni huling'arisha jino upande mmoja, nawe unaupanga huo upande unaong'aa ukidhani ndio katikati.

Dalili: Machi ulikuwa mzuri, Juni umeharibika

Ni baridi, na kwetu baridi si utani. Asubuhi ya Juni au Julai pale Mafinga au Njombe kidole cha triga kinakufa ganzi, hakisikii ukuta wa triga, pale inapokaza kabla ya kufyatuka, kinapita tu. Halafu umevaa koti zito, mabega yamepanda, mshiko si ule wa Machi. Usipige kwa kidole usichokisikia, hilo ni jambo la usalama. Weka bastola chini, mkono kwapani dakika kadhaa, au subiri saa nne jua lishike. Fanya mazoezi yako ya jioni ukiwa na koti hilohilo utakalolivaa uwanjani.

Dalili: risasi 20 za mwanzo nzuri, zilizobaki aibu

Umechoka. Acha. Risasi 50 kwa siku zinatosha kabisa, na zikiwa 30 zilizopigwa kwa utulivu ni bora zaidi. Ukiendelea, unaufundisha mkono makosa kwa gharama yako mwenyewe.

Dalili: bastola inakwama, au inatoa mlio wa ajabu

Ganda likibanwa mlangoni pa slaidi mara kwa mara, angalia kiwiko na kifundo cha mkono kwanza. Slaidi inahitaji kitu kigumu cha kuisukumia nyuma. Mkono ukilegea, nguvu inapotea. Kisha magazini, kisha vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi likikutana na mafuta mengi linakuwa tope, kwa hiyo paka kidogo na ufute.

Ukifyatua isilie, usiigeuze kuitazama. Mtutu ubaki kwenye karatasi, hesabu sekunde 30, kwa sababu baruti huweza kuchelewa, ndipo uondoe magazini na kuitoa risasi.

Ukisikia "puf" dhaifu badala ya mlio, simama hapohapo hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Huenda risasi imebaki katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwako. Toa magazini, acha chemba wazi, mwite msimamizi, na bastola isipigwe tena siku hiyo mpaka fundi auone mtutu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ukishafunga kila kitu na karatasi zako umeziandika tarehe, umbali na hali ya baridi, usiende moja kwa moja kwa wauza mahindi ya kuchoma pale barabarani. Kiswahili kimeipa risasi jina la madini yake, na madini hayo ni sumu. Moshi na vumbi lake viko mikononi mwako na kwenye mikono ya koti. Nawa kwa sabuni na maji ya baridi, uso pia, na koti ulivue kabla ya kumbeba mtoto.